Mwanangu, ndani ya gofu usichimbe

Mwanangu, asalaam aleikum. Huku Siyu tu wazima, mamako anakusalimu na anauliza kama ile dawa ya kifua umeimaliza. Ile picha uliyotuma WhatsApp, ya pesa uliyoichimba shamba la bibi, nimeiona, nimeivuta ikawa kubwa nikaisoma vizuri, hiyo ni peesa, sarafu ya zamani ya Sayyid Barghash sultani wa Unguja, ya shaba, yenye picha ya mizani, mwaka 1299 Hijria yaani 1882. Nimefurahi wallahi, nimewaonyesha wazee pale barazani wote wakaishika simu. Lakini meseji yako ya pili ndio imenifanya nikae niandike hivi virefu maana kwa simu utanikatiza, ati Disemba unarudi na hiyo detekta, kile kifaa cha kutafutia vyuma ardhini, na jembe na mwenzako mmoja, muingie ndani ya gofu, lile jengo la kale lililobomoka pale shamba la bibi, mchimbe mpaka mjue chini kuna nini. Baba, ndani ya gofu usichimbe. Shamba zima tembea utakavyo ila hapo ndani paache.

Sikukatazi kwa sababu ya majini wala nini. Unajua ujanani nilifanya kibarua Shanga, ule mji wa kale uliohamwa hapa karibu na Siyu, kwenye mradi wa mwanaakiolojia Mark Horton ulioanza 1980, kazi yetu vijana ilikuwa kubeba karai za udongo na kuchekecha. Mjini watu walishasema wale wanatafuta dhahabu. Na kweli vitu vilitoka, vipesa vya fedha vidogo mno vilivyopigwa hukuhuku kwetu vina maandishi ya Kiarabu, lakini kitu kilichowafanya waache kazi nyingine zote wapige magoti na vimwiko na brashi ni madoa. Madoa ya mviringo kwenye mchanga, meusi kidogo, ndio mahali nguzo za miti ziliposimama zikaozea. Chini ya msikiti wa mawe walikuta msikiti mwengine, na chini ya huo mwengine, wakashuka tabaka kwa tabaka mpaka wakafika misikiti midogo ya miti ya karne ya nane, na hiyo ni katika misikiti ya kale zaidi kupatikana pwani yote hii ya Afrika Mashariki. Sasa niambie, detekta yako italia kwa doa la nguzo iliyooza? Haiwezi. Italia kwa msumari ulio kando yake, wewe utashusha jembe kuufuata msumari na lile doa litakuwa limekwisha, na hutajua kama lilikuwepo.

Hicho kifaa nimekisoma namna kinavyofanya kazi. Lile duara la chini linatuma mawimbi ya sumaku ardhini, chuma au shaba ikipigwa nayo inazalisha umeme kidogo wa kwake, duara linausikia huo na kulia. Basi. Hakijui ni cha mwaka gani wala cha nani. Na udongo wa kwetu una chumvi, karibu na mikoko pale kitakupigia kelele bure kwa maji ya chumvi tu, na sehemu nyingine utachimba makopo ya maziwa, vifuniko vya soda, betri, vipande vya mabati, na misumari ya majahazi mpaka uchoke. Pesa ndogo kwa kawaida kinaisikia ikiwa chini kama sentimita 20 hivi, kwa hiyo usidhani kitakuonyesha ya chini kabisa.

Tena angalia Gede, magofu ya mji wa kale karibu na Malindi. Mwanaakiolojia James Kirkman alipochimba pale kuanzia 1948 nyumba nyingi zilipewa majina ya vitu vilivyokutwa ndani, kuna nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya pesa za Kichina. Fikiri mtu angeingia usiku kabla yake akautoa ule mkasi akauze Malindi, ingebaki kuta tu. Au ile pesa ya Kichina iliyopatikana kisiwani Manda hapo ng'ambo 2013, ya mfalme Yongle aliyetawala 1402 mpaka 1424, ina tundu la mraba katikati. Pesa za Yongle zipo tele, hata kwenye intaneti zinauzwa na si ghali. Ile ya Manda ilitangazwa dunia nzima kwa sababu ilitoka ardhini Manda na waliokuwepo waliandika imetoka wapi. Mambrui, kaskazini ya Malindi, pia walipata moja 2010, vilevile. Ukiitoa mahali pake bila kuandika umebaki na kishaba.

Na sheria ipo, nimeuliza. Ile ya makumbusho ya 2006 inasema kitu cha zamani kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kikiwa ardhini ni mali ya serikali, hata ardhi iwe yako na title unayo, na kuchimba kuvitafuta bila leseni ni kosa. Ukikiona kitu unatakiwa utoe taarifa ndani ya siku 7 useme mahali hasa na jinsi ulivyokipata. Kwa hiyo peesa yako ya 1882 imo. Senti kumi za King George zile za tundu hazimo, hizo watoto wachezee. Wewe uko Mombasa, Fort Jesus ni hapo tu na ni ya Makumbusho ya Taifa, wiki hii nenda nayo, usingoje Disemba.

Na tafadhali usiisugue. Najua hapa kwetu shaba inasafishwa kwa ndimu na mchanga ikawaka, sinia la bibi lilikuwa linafanywa hivyo kila Idi, lakini pesa iliyolala ardhini karibu na bahari imeshanywa chumvi, ukiipaka ndimu unatoa ngozi yote ya juu na maandishi yanaondoka nayo. Ikianza kutoa ungaunga wa kijani hafifu ujue inaliwa, iweke pakavu, ifunge kwa karatasi laini, ndani ya kopo gumu, na karatasi ya maelezo humohumo. Mtu akikuuliza bei usimjibu. Umeona makaburi ya zamani ya huku, vile vishimo vitupu vya duara kwenye kuta zake? Palikuwa na mabakuli na sahani za Kichina pale, watu wameyabandua moja moja. Kila nikipita naumia. Marehemu walijengewa kwa heshima na wajukuu wameuza.

Mimi nataka uje. Njoo na detekta pia, tutatembea nayo ukingoni kule mihogo ilikokwisha palimwa, ikilia tuweke kijiti, tupige picha, simu ituandikie mahali, tuchore ramani ya gofu lote, milango, kisima, daka la mlangoni, kabla mizizi ya ule mtini haijaangusha ukuta wa kaskazini. Kisha tuipeleke makumbusho ya Lamu tuwaombe watume mtu. Wakitaka kuchimba watakuja na leseni yao na wewe utakuwa wa kwanza kushika chekeche, nitawaambia mwenyewe.

Ukipanda boti Lamu uliza maji kwanza, ule mlango wa bahari wa Mkanda ukikauka mtakwama, na ukifika gati ya Mtangawanda nipigie nitume pikipiki. Lakini kabla ya yote nijibu hili leo: ile peesa uliitoa upande gani wa mbuyu, wa kisimani au wa njiani, na shimo lilikufika wapi, kifundo cha mkono au kiwiko? Daftari ninalo hapa nakungoja.

Babako