Weka nakala ya kompyuta nzima kwenye eksteno, si mafaili peke yake

Wateja wengi wanaotuletea kompyuta iliyogoma kuwaka hutuambia neno moja kabla hatujafungua hata skrubu: "Fundi, Windows piga tu upya, cha msingi mafaili yangu." Tunawaelewa, mafaili ndiyo yanayouma. Lakini chukua mwenye steshenari jirani na chuo, au mhasibu wa SACCOS. Akirudishiwa folda zake kwenye kompyuta iliyopigwa Windows upya, ndipo anagundua yale ambayo hayakurudi. Programu ya uhasibu inadai leseni ambayo karatasi yake haionekani tangu inunuliwe. Printa haitambuliki. Fonti za kadi za harusi hazipo, na nywila zote zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye kivinjari zimepotea. Mafaili anayo, kazi hana, na mteja aliyekuja kuprinti ameshavuka barabara kwenda duka la pili.

Ndiyo maana hapa dukani kwetu Dodoma tunamsihi kila mwenye kompyuta ya biashara achukue nakala ya mfumo mzima na kuiweka kwenye hadi diski (hard disk) ya nje, ile tunayozoea kuiita eksteno. Nakala hii inabeba kila kilichomo kwenye diski: Windows yenyewe, programu, mipangilio, akaunti za watumiaji na mafaili. Diski ikifa, tunaweka mpya, tunairudishia ile nakala, na kompyuta inawaka ikiwa vilevile ilivyokuwa siku uliyoichukua.

Diski zinakufa kwa sababu nyingi, lakini kwa mazingira yetu mbili zinatawala. Ya kwanza ni umeme unaokatika ghafla kompyuta ikiwa katikati ya kuandika. Ndani ya hadi diski ya kawaida kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinapita juu yake bila kuigusa. Umeme ukikatika wakati faili za mfumo zinaandikwa, zinaweza kubaki nusunusu, na Windows ikashindwa kuwaka hata kama diski yenyewe ni nzima. Laptopu ina betri ya kuikinga, ila kompyuta ya mezani isiyo na UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, haina kinga yoyote. Ya pili ni vumbi. Kiangazi cha huku tunakijua, upepo na vumbi kuanzia asubuhi, na vumbi hilo linaziba feni na matundu ya hewa hadi mashine inafanya kazi ikiwa na joto kali mchana kutwa. Kompyuta zinazotoka Bahi au Manyoni tukizifungua, mara nyingi feni imevaa blanketi zima la vumbi.

Hadi diski ya kuzunguka angalau huwa inatoa taarifa. Mashine inakuwa nzito, faili linagoma kufunguka, au unasikia mlio wa tk tk tk. Ukisikia mlio huo, zima kompyuta hapohapo na usiendelee kuiwasha kujaribu bahati, kwa sababu kila ukiwasha unaweza kuongeza uharibifu kwenye sahani. SSD, aina mpya ya diski, ni ya haraka na haina kitu kinachozunguka, lakini inaweza kufa kimya kabisa: jana ilikuwa nzima, leo kompyuta haiioni. Tangu laptopu nyingi zianze kuja na SSD, wateja wetu wamekuwa na imani kubwa kupita kiasi kwamba hazifi.

Sasa eksteno yenyewe. Kwa kompyuta ya kawaida ya ofisini, TB 1 inatosha vizuri. Usishtuke Windows ikikuonyesha GB 931, hujapunjwa: kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Wa kushtukia ni yule anayekuuzia eksteno ya TB 16 kwa bei ya flashi. Vifaa hivyo vya kughushi vipo, na ubaya wake ni kwamba vinaidanganya kompyuta yenyewe. Inaonyesha nafasi ipo, unakopi, inakubali, kisha siku ya kufungua unakuta mafaili ya mwisho hayasomeki kwa sababu hayakuwahi kuhifadhiwa popote. Kama una wasiwasi na eksteno uliyonunua, ipime kwanza kwa programu ya bure inayoitwa H2testw, inayoijaza data kisha kuisoma yote tena. Inachukua muda mrefu, lakini iache ipime hadi mwisho.

Angalia pia tundu la USB. Lenye rangi ya buluu ndani kwa kawaida ni USB 3.0. Kwenye tundu la zamani la USB 2.0, GB 200 zinaweza kukuchukua kama saa mbili, kwenye 3.0, chini ya saa moja.

Eksteno inatakiwa iwe na muundo wa kupangia mafaili (format) unaoitwa NTFS. Nyingine huja na exFAT, na flashi nyingi zina FAT32, ambayo haipokei faili moja linalozidi GB 4. Kubadili muundo kunafuta kila kilichomo, kwa hiyo fanya hivyo eksteno ikiwa bado tupu. Halafu fungua Control Panel, ingia palipoandikwa Backup and Restore, lenye maneno Windows 7 mbele yake. Usihofu jina hilo, lipo hadi kwenye Windows 11. Upande wa kushoto bonyeza Create a system image, chagua eksteno yako, hakikisha sehemu zote za mfumo zimewekewa alama, kisha anzisha. Kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS, laptopu iwe kwenye chaji. Ikimaliza utakuta folda iitwayo WindowsImageBackup. Usiibadilishe jina, maana siku ya kurudisha mfumo unaitafuta kwa jina hilo.

Mwaka 2017 Microsoft ilitangaza kwamba haiendelezi tena programu hiyo ya Create a system image, ingawa bado haijaondolewa. Kwa hiyo kwa ofisi zenye kompyuta kadhaa sisi tunapendelea Clonezilla, ambayo ni ya bure na inachukua nakala kompyuta ikiwa haijaingia Windows kabisa. Kwa anayetumia Mac, Time Machine inamtosha.

Windows ikimaliza nakala itakuuliza kama unataka kutengeneza diski ya uokoaji, lakini hiyo inataka CD au DVD; kwa flashi, tafuta Create a recovery drive kwenye Windows. Bila flashi ya kuwashia kompyuta iliyokufa, nakala yako haina mlango wa kuingilia. Tenga flashi ya GB 16 au zaidi kwa kazi hiyo tu. Na diski mpya utakayonunua baadaye iwe na ukubwa sawa na ya zamani au zaidi. Windows haikubali kurudisha nakala kwenye diski ndogo zaidi.

Jambo linalowakwamisha wengi siku hizi ni BitLocker, kufuli la Windows linalofunga diski isisomeke bila ufunguo. Laptopu nyingi za Windows 11 zinafunga diski zenyewe kwa siri, na mwenyewe hajui. Ubao mama ukibadilishwa, skrini inadai ufunguo wa tarakimu 48, na hapo hakuna fundi wa kukusaidia. Ufunguo huo kwa kawaida unakaa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uandike kwenye karatasi leo, uuweke mbali na laptopu. Ujue pia kwamba nakala unayoiweka kwenye eksteno haijafungwa kwa ufunguo huo. Kama ina taarifa za wateja, wagonjwa au wanafunzi, eksteno nayo inahitaji kufungwa, hasa tangu ilipotungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na ndugu zetu mnaofanya kazi kule Mji wa Serikali, Mtumba: kwa kompyuta ya ofisi anzeni na kitengo chenu cha TEHAMA, msije na nyaraka za umma kwenye eksteno binafsi.

Nakala ikikamilika, chomoa eksteno. Tunalisisitiza hili kuliko yote. Virusi vya kudai fidia vinafunga kila diski vinayoiona, na eksteno iliyochomekwa mwezi mzima ni mojawapo. Mei 2017 WannaCry ilifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, na aliyekuwa na nakala iliyochomolewa alifuta, akarudisha, akaendelea na kazi. Vilevile usiibebe eksteno kwenye begi moja na laptopu. Begi likipotea stendi ya Nzuguni au likisahaulika kwenye treni ya Dar es Salaam, vimekwenda vyote viwili. Kompyuta ikikaa dukani, eksteno ikae nyumbani.

Kwa biashara ndogo, ratiba inayowezekana ni mafaili kila Ijumaa jioni kabla ya kufunga, na nakala ya mfumo mzima mara moja kwa mwezi, na pia kabla ya badiliko lolote kubwa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na wengi bado wanahamia Windows 11. Chukua nakala kwanza ndipo uhamie. Funga programu ya uhasibu kabla ya kukopi data zake, maana faili likiwa wazi linaweza kutoka bovu. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inakutaka utunze kumbukumbu za biashara kwa miaka isiyopungua mitano, na ni kompyuta chache zinazofika miaka hiyo na diski ileile.

Mara moja moja fungua eksteno, chagua faili la zamani, ulifungue kwenye kompyuta nyingine. Ni dakika chache. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa hatuihesabu, na tunapomfanyia mteja kazi hii hatumkabidhi mpaka tumejaribu kuirudisha kwenye diski nyingine akiwa anaona.

Ukitaka tukufanyie, njoo na kompyuta, chaja yake, nywila ya kuingilia na eksteno kama unayo. Gharama tunakutajia kabla ya kuanza. Njoo asubuhi, kwa sababu kompyuta yenye data nyingi inakula nusu siku, na huwa hatuikatishi katikati. Walioko Kongwa, Mpwapwa na Kondoa, tupigieni kwanza ili mkifika mjini mkute meza iko wazi na muwahi gari la kurudi.