Asante, kaka wa bajaji pale Tazara

Pikapu yangu ya zamani, ya kabureta, ilikuwa inatetemeka kwenye sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagiwa mafuta, na kuzima kila nikiachia mafuta. Plagi zilishabadilishwa, bila nafuu. Juzi jioni ikagoma katikati ya foleni ya Tazara, na honi za Dar mnazijua.

Kaka, ulishuka, tukaisukuma pembeni. Hukukimbilia spana. Ukaniambia niikanyagie kidogo isizime, ukachomoa waya za plagi mmoja mmoja na kurudishia. Kila ukichomoa, injini inazidi kulegea. "Silinda zote zinachoma," ukasema, "kuna mahali inavuta hewa." Ukadondoshea maji kwenye mipira ya hewa. Ulipofika ule unaotoka kwenye injini kwenda kwenye busta ya breki, kile kifaa kinachorahisisha kukanyaga breki, mlio ukabadilika papo hapo. Mpira umepasuka shingoni! Ukakata kipande kibovu, ukakaza klipu, ukanijaribishia breki, ukasisitiza ninunue mpira mpya Kariakoo. Nimenunua.

Hela ulikataa. Abiria wako naye alisubiri bila kununa, asante dada.

Madereva wenzangu, mkiona mtu kafungua boneti kwenye foleni, punguzeni honi, mmoja wenu ashuke asukume.