Michango ya geti isifike kuuziana nyumba

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako.

Huku kwetu Kerege, Bagamoyo, tuna umoja wa wenye nyumba, tumeweka geti na mlinzi, kila nyumba inatoa elfu 30 kwa mwezi ya mlinzi, taa, gari la taka na kuchonga barabara masika yakishaichimba. Hapo hamna ubishi, huduma tunaziona. Na wasumbufu wapo, mi nawasema waziwazi, kuna wenzetu wanaishi Dar, huku wanakuja sikukuu tu, mwaka mzima hawatoi hata mia halafu wakifika ndo wa kwanza kumfokea mlinzi eti kachelewa kufungua.

Sasa kamati imeleta fomu mpya. Ukurasa wa tatu, chini kabisa, kwa maandishi ya kutafuta na miwani, imeandikwa mwanachama anaweka nyumba yake dhamana ya michango, na akipitisha miezi sita umoja una haki ya kuiuza. Mwenyekiti anasema ndo wanavyofanya Marekani. Ni kweli wanafanya, ila angemalizia habari yenyewe. Kule ukinunua nyumba kwenye mtaa wenye jumuiya ya wenye nyumba, kama umoja wetu, unakuta masharti yameshasajiliwa pamoja na ardhi, ukidaiwa deni linakaa juu ya nyumba na majimbo mengi wanaweza kuipiga mnada hata kama benki hujawahi kukosa rejesho. Na kinachomaliza watu sio mchango, ni faini, riba na hela ya wakili, deni linaumuka kama unga wa maandazi. Nevada ndo balaa, mwaka 2014 Mahakama Kuu kabisa ya jimbo ilisema michango hadi ya miezi 9 inatangulia hata mkopo wa benki, jumuiya ikiuza kihalali benki nayo inapoteza dhamana yake.

Lakini hata huko kuna breki. California jumuiya hairuhusiwi kuuza nyumba kwa michango isiyofika dola 1,800, faini na riba hazihesabiwi humo, labda deni liwe limelala zaidi ya miezi 12. Texas nyumba ikishauzwa mwenyewe ana siku 180 za kuikomboa. Fomu yetu breki hata moja hamna.

Na kwetu umoja hauna ubavu wa kuuza nyumba ya mtu kwa katiba yake tu, unaenda kudai mahakamani, na huko sheria ya mwenendo wa kesi za madai inaikinga nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake isikamatwe kwa deni la kawaida. Ndo maana wamechomeka hilo neno dhamana, waikwepe kinga hiyo. Halafu Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mwenzi wako aridhie kabla nyumba ya familia haijawekwa dhamana, fomu ina nafasi ya saini moja tu, mke wangu kauliza yeye anasaini wapi, mjumbe akacheka.

Wadaiwa sugu wapelekwe Mahakama ya Mwanzo, risiti na daftari la michango si lipo. Mi kipengele hicho nimekikata kwa kalamu nyekundu ndo nikasaini, kamati inasema fomu iliyokatwa haipokelewi, basi wakae nayo, mchango wa mwezi huu nimelipa na risiti ninayo.

Mkazi wa Kerege,
Bagamoyo