Chupa ya Dawa Isubiri: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Nimepata habari za samaki wako mpya, ambaye unasema anahema haraka, amebana mapezi, hajali chakula na sasa ametokwa na madoa meupe machache mkiani. Umeniuliza jambo moja tu, nalo ni utie matone mangapi ya ile dawa uliyokwisha kuinunua. Nakuomba chupa hiyo uiache imefungwa mpaka umalize kusoma barua hii, kwa sababu samaki anapougua, kitu cha kwanza kuchunguzwa ni maji anayoyapitisha katika matamvua yake usiku na mchana.

Samaki hutoa amonia muda wote, sehemu kubwa kupitia matamvua, na mabaki ya chakula pamoja na kinyesi yanapooza huongeza nyingine. Katika tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi kwenye sifongo la chujio na kwenye changarawe huigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa maadamu maji yanabadilishwa mara kwa mara. Bakteria hao huwa wengi kwa kadiri ya chakula wanachokipata, kwa hiyo samaki wakiongezwa ghafla, bakteria huchelewa kuumudu mzigo mpya. Na ikiwa tangi lenyewe ni jipya, kuwakuza huchukua kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Amonia huunguza matamvua, nayo nitriti huingia katika damu na kuizuia isibebe oksijeni, ndiyo maana samaki aliyezidiwa na nitriti hutwetea karibu na uso wa maji hata pale pampu ya hewa inapofanya kazi vizuri. Kuhema haraka, kubana mapezi na kukataa chakula ni dalili za sumu hizo, na ndizo dalili za vimelea pia, wala hakuna jicho linaloweza kuzitofautisha bila kipimo.

Basi pima leo hii amonia, nitriti na pH (kipimo cha uchachu wa maji), na usiridhike na maji kuonekana meupe, kwa kuwa amonia haina rangi. Amonia au nitriti ikizidi sifuri, badilisha theluthi moja ya maji leo, upime tena kesho na kurudia ikibidi. Iangalie pH pamoja na amonia, kwa sababu kiasi kilekile cha amonia huwa na sumu takriban mara kumi zaidi katika pH 8 kuliko katika pH 7. Maji mapya yawe na joto sawa na ya tangini, na kama ni ya bomba, yatie kwanza dawa ya kuondoa klorini. Chujio likiwa chafu, lisuuze katika ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Ukilisafisha chini ya bomba, klorini itawaua bakteria wale wale unaowahitaji.

Sasa tuyaangalie madoa. Yatazame kwa taa ya pembeni, samaki akiwa ametulia. Yakiwa ni nukta zilizotengana, kila moja kama chembe ya chumvi, zimeinuka kidogo juu ya ngozi na zinaongezeka siku hadi siku, huo karibu kwa hakika ni ugonjwa wa madoa meupe, unaoletwa na kimelea chenye seli moja kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Kama ni baka la kijivu lililotanda mgongoni, au utando unaofanana na pamba mdomoni, shuku bakteria. Yakiwa ni vumbi la rangi ya dhahabu linaloonekana tu mwanga unapompiga ubavuni, hicho ni kimelea kingine kabisa. Usiione tofauti hii kuwa ndogo, kwa maana joto linalosaidia katika ugonjwa wa kwanza huweza kumuua haraka samaki mwenye bakteria wa bakani, ambao hushamiri maji yanapopata joto. (Kuna hata madoa yasiyo ugonjwa: dume la samaki wa dhahabu huota vipele vyeupe kwenye vifuniko vya matamvua wakati wa kuzaliana, na wengi wametiwa dawa bure kwa sababu hiyo.)

Nikichukulia kwamba ni madoa meupe, ni lazima uielewe tabia ya kimelea hiki, kwani matibabu yote yameegemea hapo. Kile kidoa unachokiona ni kimelea kinachokula kikiwa kimejificha chini ya ngozi ya samaki, na humo dawa za majini hazikifikii. Kikishiba huanguka, hujishikiza kwenye changarawe au jani, hujizungushia ganda, na ndani ya ganda hilo hujigawa na kuwa mamia ya watoto. Watoto hao hupasua ganda na kuogelea wakimtafuta samaki. Wasipompata ndani ya siku moja au mbili hivi, hufa. Ni katika muda huo mfupi wa kuogelea tu ndipo dawa huwaua. Katika maji ya nyuzijoto 25 mzunguko mzima huweza kumalizika ndani ya wiki moja, bali katika maji ya baridi huvuta kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo utakapoamka na kumkuta samaki hana doa hata moja, usifurahi wala usisitishe tiba, kwa sababu yawezekana vimelea wamehamia chini tu na wanajiandaa kurudi kwa wingi zaidi.

Pengine utauliza pia kama umtoe umweke peke yake. Kama madoa yamekwisha kuonekana naye amekaa na wenzake, kumtoa hakutasaidia, maana vimelea wameshatua katika changarawe na wote humo wamo hatarini; litibu tangi zima. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini katika tangi la samaki mara nyingi huwa kinyume chake, ndiyo sababu samaki atakayefuata utamweka kwanza katika tangi dogo la karantini kwa wiki 4, lenye chujio lake, wavu wake na mpira wake wa kunyonyea maji. Mtenge mgonjwa wa sasa tu ikiwa wenzake wanamfukuza na kumng'ata.

Matibabu yenyewe nayapanga hivi. Ikiwa samaki wako wote ni wa maji ya joto, pandisha hita polepole, nyuzi moja kwa kila saa kadhaa, mpaka ifike 28 au 29, ili mzunguko wa vimelea uende mbio na dawa iwakute mapema. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo: kwenye nyuzijoto 20 lita moja huweza kushika miligramu 9 hivi, na kwenye 30 hushuka hadi 7.5. Kwa hiyo ongeza pampu ya hewa kabla ya kugusa hita, hasa kwa samaki ambaye matamvua yake yamekwisha kudhoofika. Kila siku nyonya changarawe kwa mpira, kwa maana kila ganda unalolitoa ni mamia ya vimelea uliowaondoa bila dawa.

Baada ya hayo ndipo chupa inapofunguliwa. Soma kwanza ina kitu gani ndani, kwa sababu dawa yenye shaba huua konokono na uduvi, na nyingi kati ya dawa za kimelea hiki huwadhuru samaki wasio na magamba, kama vile kambare wadogo. Hao wakiwemo, tafuta kwenye kibandiko maelezo yanayowahusu. Toa mkaa katika chujio, la sivyo mkaa utainyonya dawa yote na wewe ukadhani haifai. Kisha kokotoa maji yaliyomo hasa: tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 lina ujazo wa lita 54, lakini ukiondoa changarawe, mawe na nafasi iliyoachwa juu, hubaki pengine lita 45, na kipimo cha dawa kifuate hizo 45. Usichanganye dawa mbili kwa tamaa ya kuharakisha. Watu wengine hupendelea chumvi, gramu 1 hadi 3 kwa kila lita, ikiyeyushwa pembeni na kutiwa kidogo kidogo kwa siku mbili. Nayo ni njia nzuri kwa samaki wanaoistahimili, lakini mimea mingi na kambare hao hao hawaipendi, na kumbuka kwamba chumvi haipotei maji yanapopungua kwa mvuke, hivyo jazia ile tu uliyoitoa pamoja na maji.

Kuhusu chakula usihangaike. Samaki mgeni kukataa kula siku za mwanzo ni jambo la kawaida, naye hadhuriki kwa siku chache za njaa kama atakavyodhurika kwa chakula kinachooza chini. Mpe kidogo sana, na kisicholiwa baada ya dakika chache kitoe. Punguza taa, mwache apate pa kujificha, na usiligonge tangi kumwamsha.

Usinyonye mpira kwa mdomo kuanzisha maji, na ukiwa na mkato mkononi vaa glavu, kwa maana wapo bakteria wa samaki wanaoingia katika vidonda vya binadamu na kuacha uvimbe unaochukua miezi kupona. Nitumie namba za amonia, nitriti na pH, joto la maji, vipimo vya tangi, na picha ya mkia iliyopigwa kwa taa ya pembeni, pamoja na jina la kilichomo ndani ya dawa kama lilivyoandikwa kwenye chupa. Nikizipata hizo nitakuambia matone mangapi.

Wako,
Baba