Namba za joto la kompyuta zikaguliwe kabla ya kuaminiwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie ushauri unaorudiwa mara kwa mara katika kurasa za teknolojia, na ambao kwa maoni yangu haujakamilika. Msomaji anayelalamika kwamba kompyuta yake inapata moto au inajizima huambiwa apakue programu ya kupima joto, atazame namba, na ikiwa imezidi kiwango fulani aipeleke mashine kwa fundi. Ushauri huo si mbaya, ila unaichukulia namba inayoonekana kwenye skrini kuwa ni kipimo chenyewe, ilhali ni matokeo ya hesabu iliyofanywa na programu, na hesabu hiyo inaweza kukosewa.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Tanga. Huletewa mashine ambazo zimekwisha kutolewa hukumu kwingine kwamba mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, imeungua, na ushahidi pekee ni mstari mmoja wa programu hiyo wenye nyuzi 127. Mteja mmoja, mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala, alikuwa amekwisha kupatana bei ya mazabodi nyingine iliyotumika. Mashine yake ilikuwa ikichapa kazi za watu tangu asubuhi bila kukwama, hitisinki, yaani chuma chenye mapezi kinachoipoza chipu kuu ya kompyuta (prosesa), ilikuwa vuguvugu tu, na mstari wa prosesa katika programu hiyohiyo ulisoma nyuzi hamsini na kitu. Ule mstari wa 127 ulibaki palepale kompyuta ilipopewa kazi nzito, ukabaki palepale ilipopumzika. Mazabodi haikuwa na tatizo lolote.

Maelezo yake ni haya. Mazabodi nyingi za kompyuta za mezani zina chipu ndogo, aghalabu ya ITE au ya Nuvoton, inayosimamia feni, volti na joto. Chipu hiyo hutengenezwa ikiwa na maingizo kadhaa ya vihisi, yaani vipimaji vidogo vya joto, lakini mtengenezaji wa mazabodi huunganisha yale anayoyahitaji tu na mengine huyaacha wazi. Programu haina njia ya uhakika ya kujua lipi limeunganishwa, kwa hiyo huyasoma yote na kuyapa majina kama AUXTIN, ambayo hayamwelezi mteja chochote. Kwa kuwa thamani hizo kwa kawaida huhifadhiwa katika namba inayoanzia -128 na kuishia 127, ingizo lisilounganishwa na kitu mara nyingi hukimbilia mojawapo ya ncha hizo. Atakayeiona 127 isiyotikisika, au nyuzi zilizo chini ya sifuri katika mji kama wetu, anatazama waya usiokuwepo.

Prosesa nayo ina habari yake. Kihisi kilichomo ndani ya prosesa za Intel hakitoi joto kamili, bali hueleza zimebaki nyuzi ngapi kabla ya kikomo chake cha joto kufikiwa, kama kibao cha barabarani kinachokuambia kilomita zilizobaki kufika Segera, ambacho hakiwezi kukupa umbali uliokwisha kwenda mpaka ujue safari nzima ni ya kilomita ngapi. Kikomo kikiwa nyuzi 100 na zikabaki 55, programu hutoa na kuandika 45. Programu ikikosea kikomo, namba zote zitakosewa kwa kiasi kilekile, usiku na mchana. Katika prosesa za kizazi cha Core 2, ambazo bado zipo katika ofisi na shule zetu kwa sababu kompyuta nyingi huingia nchini zikiwa zimetumika, kikomo hicho hakikuwa kimeandikwa ndani ya prosesa kwa namna ambayo programu ingeweza kukisoma, na waandishi wa programu walikuwa wakikisia hadi Intel ilipotangaza takwimu mwaka 2008. Programu ya zamani ikiwekwa kwenye mashine ya zamani inaweza kupotoka kwa nyuzi 15 bila hitilafu yoyote kuwepo.

Upande wa AMD, baadhi ya prosesa za kwanza za Ryzen zilizotoka mwaka 2017, zikiwemo 1700X na 1800X, ziliongezewa nyuzi 20 kwa makusudi katika thamani inayotumika kuamua kasi ya feni. Programu isiyojua kupunguza nyuzi hizo humwonyesha mwenye mashine 75 wakati joto halisi ni 55.

Kosa la upande wa pili silisikii likizungumzwa, ingawa mimi naliona la hatari zaidi, yaani namba inayopendeza. Feni na hitisinki haziwezi kuipoza prosesa ikawa baridi kuliko hewa ya chumba ilimo. Mwezi wa Januari, chumba kisicho na kiyoyozi kikiwa na nyuzi 31, programu inayoonyesha prosesa ina nyuzi 19 haisemi kweli hata kidogo. Vihisi vya prosesa vimetengenezwa viwe sahihi karibu na kikomo, mahali penye hatari, na usahihi wake hupungua kadiri mashine inavyopoa. Zipo pia programu ndogo za kupamba skrini ambazo haziisomi prosesa kabisa. Huuliza Windows, nayo Windows huchukua thamani kutoka kwenye mazabodi, na mazabodi nyingine hurudisha thamani moja isiyobadilika kutwa nzima. Mwenye mashine hutulia, kumbe vumbi limeziba mapezi ya hitisinki na pesti inayopitisha joto kati yake na prosesa imekauka.

Volti hazina haja ya maneno mengi. Chipu haiwezi kuupima umeme wa volti 12 moja kwa moja, kwa hiyo mazabodi huugawa kwa vipinga, yaani vifaa vidogo vya kupunguza umeme, na programu huzidisha ili kurudisha thamani yake. Ikizidisha kwa namba isiyo ya mazabodi hiyo, huenda ikaandika volti 8. Kiwango kinachokubalika ni kati ya 11.4 na 12.6, na kompyuta ambayo kweli ingekuwa na volti 8 mahali pa 12 isingewaka ukaisoma.

Tatizo jingine ni watu kuweka programu mbili au tatu za aina hii kwa pamoja, kwa nia njema ya kulinganisha. Zote huihoji chipu ileile, na zisipopeana zamu, moja huchukua jibu lililokusudiwa nyingine. Hapo feni husoma sifuri, halafu maelfu ya mizunguko ambayo hakuna feni ya mezani inayoweza kuifikisha, halafu hurudi kawaida. Tiba yake ni kufunga programu zote, kuizima kompyuta hadi itulie, na kufungua moja tu.

Tangu mwaka 2025 limeongezeka jambo ambalo linahitaji tahadhari ya gazeti. Programu nyingi za kupima joto na kuendesha feni zilikuwa zikitumia draiva moja (programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na vifaa) iitwayo WinRing0, yenye udhaifu wa kiusalama uliosajiliwa tangu mwaka 2020, kwa kuwa huweza kuipa programu mbaya ufunguo wa kuingia katika kiini cha Windows. Machi 2025 kinga ya Microsoft ilianza kuizuia draiva hiyo, na watu wengi wakakuta mistari ya joto imebaki mitupu. Wengine walishauriwa wazime antivairasi ili namba zirudi. Ushauri huo ni mbaya na nauita hivyo bila kumung'unya maneno. Mstari mtupu hauna maana kwamba kihisi kimekufa. Kinachotakiwa ni kutafuta toleo jipya lenye draiva nyingine kutoka kwa mwandishi wa programu mwenyewe, na kama halipo, kuiondoa programu hiyo na kutumia nyingine. Wakati mwingine sababu ni nyepesi zaidi, kwamba programu haikufunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta.

Kabla ya kununua kifaa chochote, mwenye mashine anaweza kufanya uchunguzi usiomgharimu kitu. Aiwashe kompyuta iliyolala usiku kucha, aingie mara moja BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows, na asome joto la prosesa, kisha aiwashe Windows na kulinganisha, akijua kuwa tofauti ya nyuzi chache ni ya kawaida. Baada ya hapo aipe kazi nzito kwa dakika kumi. Joto la prosesa la kweli hupanda ndani ya sekunde chache na kushuka upesi kazi ikikoma, ilhali la diski hupanda polepole. Mstari ambao haukujibu lolote usihesabiwe. Na wale wanaotumia vipimajoto vya paji la uso vilivyobaki tangu wakati wa korona wajue kwamba vimetengenezwa kwa joto la binadamu, na hitisinki yenye nyuzi 60 mara nyingi haimo katika upeo wake.

Sisemi kwamba joto ni dhana. Prosesa inayofikia kikomo chake hupunguza kasi kwanza ili ijiokoe, na ikiendelea kupanda hukata umeme ghafla. Ndiyo maana mashine inayojizima huku prosesa ikisoma nyuzi 60 za kuaminika, bila kupunguza kasi kabla ya hapo, inanifanya nianze na pawa saplai na umeme wa nyumba, wala si na pesti.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba gazeti lisichapishe tena kiwango kimoja cha hatari kwa kompyuta zote. Prosesa nyingi za Ryzen 7000 zimebuniwa kufanya kazi hadi nyuzi 95, na msomaji aliyeambiwa kuwa 80 ni hatari ataikimbiza kwa fundi mashine isiyo na tatizo. Makala zitaje aina ya prosesa na kikomo kilichowekwa na mtengenezaji wake, pamoja na toleo la programu iliyotumika. Nasi mafundi, tunapomwandikia mteja kwamba kifaa kimeungua kwa joto, tuandike kwenye risiti ni mstari upi tuliousoma na ulifanya nini mashine ilipopewa kazi, ili fundi wa pili aweze kuupima upya.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa kompyuta,
Tanga.