Dansi halikuanza na NUTA

Ndugu Mhariri,

Kila mkitaja muziki wa dansi mnaanzia NUTA Jazz ya 1964, bendi ya chama cha wafanyakazi, kana kwamba kabla yake watu walicheza kimyakimya. Dar es Salaam Jazz ilikuwapo tangu 1932, Morogoro Jazz tangu 1944. Hizo zilikuwa klabu: vyombo mali ya klabu yenyewe, wapigaji wana kazi zao mchana. Mshahara ulikuja na NUTA.

Wanaofufua bendi za namna hiyo hukosea kwenye kulinganisha sauti. Saksafoni ikiwa baridi sauti hushuka, ikipata moto hupanda. Ipulizwe kwanza dakika kumi, ndipo magitaa yaifuate. Na chemko, ile sehemu ya mwisho ya wimbo inayochangamka, lisiharakishwe; mpiga tumba akikimbia, wacheza rumba hupoteza hatua.

Mpenzi wa zilipendwa,
Morogoro