Barua kwa mwanangu aliyehamia Leicester

Mwanangu mpenzi,

Assalamu aleikum. Sisi huku Mombasa hatujambo. Mguu wa baba yako umepungua maumivu, na msikitini sasa anakwenda mwenyewe. Juzi kwenye simu ulisema Leicester, huko Uingereza, ni mji wa kawaida tu, hauna cha kumtoa mtu nje, na ukitoka zamu hospitali unaagiza kila kitu kwa simu, unakula, unalala. Sikukujibu pale pale kwa kuwa nilisikia ulivyochoka. Lakini neno hilo halijanitoka. Mji huo ndio uliotulisha, na wewe umezaliwa humo, ingawa tulirudi nyumbani hujatimiza miaka mitano na hukumbuki kitu. Basi nakuandikia, usome kidogo kidogo ukiwa kwenye basi.

Baba yako alitangulia kwenda kusoma uhandisi katika politekniki ya pale, ambayo leo ni chuo kikuu cha De Montfort. Mimi nilimfuata mwishoni mwa 1973, msimu mbaya kuliko yote. Makaa ya mawe yalikuwa haba, na kuanzia Januari 1974 serikali ikaamuru viwanda na biashara nyingi zitumie umeme siku tatu tu kwa juma. Ilikuwa hivyo mpaka Machi. Kwa hiyo maduka ya Uingereza niliyoyaona mwanzo yalikuwa na mishumaa juu ya kaunta, na mwenye duka akisogeza taa karibu na mizani ili uone mwenyewe kwamba hakupunji. Chumba chetu kilikuwa Highfields, mtaa wa nyumba za matofali mekundu zilizogandana ukuta kwa ukuta, na hita ya gesi ilikuwa haiwaki mpaka uitumbukizie sarafu.

Kazi hazikuwa adimu. Leicester ilikuwa mji wa soksi, fulana, sweta na viatu, na wenyeji walikuwa wakijisifu kwamba wao ndio wanaouvisha ulimwengu. Kiwanda kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha Corah, pale St Margaret's, kilichojengwa tangu 1866, na siku zake bora kiliajiri watu wapatao 6,000. Nguo zake nyingi zilikwenda kwenye maduka makubwa ya Marks & Spencer. Mimi sikuajiriwa huko. Nilipata katika kiwanda kidogo zaidi. Hawakuniuliza cheti, waliniuliza kama najua kushona. Nilikuwa nimejifunza kwa bibi yako kwenye cherehani ya mkono, nikasema najua. Wakaniweka mbele ya mashine ya ovaloki inayokwenda kasi ambayo sijapata kuiona, wakanipa vipande vya mikono ya fulana niviunge. Siku ile ile jioni nikaambiwa nirudi kesho.

Tulikuwa tukilipwa kwa dazeni, na hilo nataka ulifahamu vizuri. Kila bunda la vipande lilikuja limefungwa pamoja na kikaratasi chenye gundi nyuma, kimeandikwa namba na idadi ya dazeni. Ukimaliza bunda, unakikata kikaratasi, unakilamba, unakibandika kwenye kadi yako. Kadi ndiyo mshahara. Kikidondoka chini kikafagiliwa pamoja na mabaki ya nyuzi, umeshona bure. Ndiyo maana wanawake wengi walivibandika kwanza nyuma ya kiganja, ukimtazama mwenzio mkono umejaa vikaratasi kana kwamba ni pambo. Vumbi la nyuzi liliingia puani, kwenye nywele, na ndani ya chai. Kelele za mashine zilikuwa nyingi mno, tukajifunza kuzungumza kwa kusomana midomo. Mpaka leo naweza kujua watu wanazungumza nini ng'ambo ya barabara, na baba yako hapendi.

Haki haikuwa sawa. Mabunda mepesi, yale ya kitambaa kinachoteleza vizuri, msimamizi aliwapa aliowapenda, na sisi wageni tukapata ya kitambaa kizito kinachokata sindano. Mashine ikiharibika unakaa unamngojea fundi, na fundi alianza kwa wenyeji. Muda huo wa kungoja ulilipwa kidogo sana. Aliyeketi kulia kwangu alikuwa mama wa Kigujarati kutoka Jinja. Alifika 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 wawe wameondoka Uganda. Halmashauri ya Leicester ilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus Septemba mwaka huo, ikiwashauri wasije katika mji huo kwa kuwa nyumba, shule na hospitali zimejaa. Walikuja hata hivyo. Yule mama alikuwa ameacha nyumba, duka na gari, akaja kushona kola, na sikumsikia hata siku moja akitaja gari. Alizungumzia miembe yake tu.

Mei 1974 wafanyakazi wa Kiasia wa kiwanda cha taipureta cha Imperial waligoma. Wengi walitoka Uganda na Kenya, na wanawake walikuwa wengi. Walisema bonasi yao inakatwa, na chama cha wafanyakazi hakikuwa upande wao. Walikaa nje karibu wiki kumi na nne. Mwaka uliofuata kampuni ikafunga kiwanda. Kiwandani kwetu habari hizo zilipita kwa midomo tu, mashine zikiendelea. Mimi sikuona kwamba walishindwa. Baada ya mgomo ule wasimamizi wetu walianza kutusemesha kwa adabu kidogo, na mabunda yakaanza kugawiwa kwa zamu.

Sasa nije kwenye maduka.

Mtaani kwetu, karibu na Evington Road, kulikuwa na duka la mzee mmoja aliyezaliwa Kisumu. Sote tukimwita Bhai, yaani ndugu. Alihama Kenya kabla Uingereza haijawabania mlango Waasia wa Kenya mwaka 1968. Siku ya kwanza niliingia nikamwonyesha kwa kidole gunia la mchele, maana Kiingereza cha watu wale kilikuwa kinanipita. Akanitazama, akaniuliza, "Mama, wataka kilo ngapi?" Nililia pale pale mbele ya wateja. Mkewe akatoka nyuma ya pazia na kigoda.

Duka lenyewe lilikuwa ni sebule ya nyumba iliyotolewa dirisha. Kulikuwa na magunia ya mchele na dengu yamefunguliwa midomo, mbaazi, unga wa mahindi mweupe, iliki, bizari, na tui la nazi lililogandishwa likauzwa kwa kipande kama sabuni. Mihogo ilikuja Alhamisi. Ukichelewa mpaka jioni unakuta mizizi tu, kwa sababu Wahindi wa kwetu walikuwa wakiipenda mihogo kuliko sisi, wakiikaanga na kuinyunyizia pilipili na ndimu. Bhai alikuwa na daftari la madeni. Hakumwandika mtu jina, aliandika kiwanda: "mama wa soksi", "mama wa viatu", "wa ghorofa ya juu". Ijumaa tukitoka kazini na bahasha zetu za mshahara tulipita kwanza kwake kulipa, ndipo tukaenda nyumbani.

Lakini hakuuza vyakula tu. Ukutani kwake kulikuwa na ubao wa matangazo: chumba cha kupanga, cherehani inayouzwa, kiwanda fulani kinatafuta wa ovaloki, mtu anasafiri Nairobi ana nafasi ya kilo tano. Kazi yangu ya pili, iliyolipa vizuri zaidi, niliipata kwenye ubao huo. Daktari anayewasikiliza wagonjwa nilielekezwa pale. Shule ya kaka zako nilielekezwa pale. Bibi yako alipofariki, simu ya kutoka Mombasa ilipigwa dukani kwa Bhai, kwa kuwa sisi hatukuwa na simu, na mkewe ndiye aliyevuka barabara na viatu vya ndani kwenye theluji kuja kuniambia.

Kitu kimoja sikukijua mpaka miaka ilipopita. Bhai hakuwa akiishi kwa duka. Usiku alikuwa kiwandani, zamu ya usiku, akiendesha mashine za kufuma. Akirudi alfajiri anafungua mlango, anapokea maziwa na mkate, anamwachia mkewe kaunta, analala mpaka adhuhuri. Magunia yale yote yalinunuliwa kwa mshahara wa kufuma. Na hakuwa peke yake. Ukienda Belgrave Road mpaka Melton Road, ile wanayoiita Golden Mile, ukaona maduka ya sari, ya dhahabu, ya mitai, vile vitamu vya Kihindi, usidhani walikuja na mali. Waasia wengi wa Uganda waliruhusiwa kutoka na pauni 50 tu. Zile nyumba zilikuwa tupu na za bei ya chini, na mtaji wa wengi wao ulitoka viwandani: mume usiku, mke mchana, na watoto wakishusha mizigo baada ya shule. Taa za Diwali walianza kuzitundika barabarani 1983. Nilikwenda kuziona na mwenzangu wa Jinja, na akanionyesha dirisha la duka la binti yake. Yule mama alishona kola miaka yote ile kwa ajili ya dirisha lile.

Jumamosi ilikuwa siku ya soko kubwa, lile lililo katikati ya mji. Soko lilikuwa pale kwa miaka mia saba na zaidi. Wauzaji walikuwa wakinadi kwa sauti, ratili ya ndizi bei kadhaa, na kila mteja ni "me duck", yaani bata wangu, neno lao la upendo, awe mzee awe mtoto. Mwanzo nilidhani natukanwa. Familia ya Gary Lineker, yule mchezaji mpira, ilikuwa na stali yake ya matunda humo. Mimi nilikwenda mwishoni mwa siku, saa kumi jioni, wanapotaka kumaliza mali. Nyanya zilizolainika kidogo, sanduku zima kwa bei ya chache, nikifika nazo nyumbani ni mchuzi wa wiki.

Lewis's tuliingia kupata joto tu. Lilikuwa duka la ghorofa nyingi, limefungwa 1994, mnara wake bado umesimama Humberstone Gate. Ukipita inua kichwa.

Na Julai! Wiki mbili za mwanzo wa Julai viwanda vyote vilifungwa pamoja, mji mzima ukaenda baharini, Skegness na Mablethorpe. Maduka mengi nayo yakafunga, maana wateja wako ufukweni. Mitaa ilinyamaza hata moshi ukapungua. Sisi tuliobaki tulimkuta Bhai yuko wazi. Wiki hizo alikuwa na nafasi ya kukaa nje kwenye kreti na baba yako wakisimuliana Ziwa Victoria na bahari, kila mtu akitetea samaki wa kwao.

Mambo yalianza kuharibika miaka ya themanini. Wanunuzi wakubwa walitaka nguo za bei ndogo kutoka nchi za mbali. Kiwanda chetu kilipunguza siku, kisha watu, kisha kikafunga. Nilipewa fedha ya kuachishwa kazi na kadi iliyosainiwa na wenzangu. Hata Corah ilikufa miaka ya tisini, majengo yake yakakaa magofu muda mrefu. Ndipo baba yako akasema turudi. Wengine walichukua fedha zao za kuachishwa wakafungua maduka. Nilitamani, sikufichi.

Nikasikia tena habari za kushona Leicester mwaka 2020, wakati wa korona. Mji ulifungiwa peke yake mwishoni mwa Juni kabla ya mwingine wowote Uingereza, na magazeti yakafichua viwanda vidogo vinavyowalipa washonaji chini ya kima kilichowekwa na sheria. Niliumia sana. Nilidhani tulishapigania hilo likaisha. Wagonjwa wako wengine watakuwa wanawake hao. Watakuja na migongo, vifundo vya mikono, vifua. Waulize wanafanya kazi gani kabla hujawauliza wanaumwa wapi, na wape muda wa kujibu.

Kwa hiyo, mamangu, naomba uache kuagiza kwa simu japo siku moja ya juma. Jumamosi hii, ukiwa huna zamu, shuka Evington Road kwa miguu. Sijui kwa Bhai kuna nini sasa. Yeye na mkewe walishafariki, na watoto wao walisomea udaktari na sheria. Ingia duka lolote lenye magunia mlangoni, salimia kwa Kiswahili, usione haya. Kuna Wasomali wengi wamehamia huko tangu tuondoke, na miongoni mwao utapata waliopitia Mombasa. Kisha Jumapili nenda Belgrave, ule kwenye mkahawa wa Bobby's, upo tangu 1976. Narborough Road nayo usiiache, nasikia sasa ina wenye maduka kutoka nchi zaidi ya ishirini, kila mmoja na mkate wake.

Unipigie jioni uniambie nani yupo na nani hayupo, na bei ya mihogo ni pauni ngapi. Ninunulie pia nyuzi za ovaloki, koni nne, nyeupe mbili na nyeusi mbili. Za huku zinakatika. Baba yako anakusalimu sana, asema uangalie hita yako kama bomba la moshi liko wazi kabla ya Novemba.

Mamako akupendaye